Maji Mekundu ya Kaskazi

Mgeni anayefika Malindi mwezi wa Desemba huwa na picha ya bahari ya buluu kichwani. Asubuhi yake anafungua dirisha na kukuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nimewaona wengi wamesimama ufuoni, viatu mkononi, hawajui waingie au warudi hotelini. Wakiuliza, vijana wanaouza vinyago na safari za boti huwajibu upesi: "Ni Sabaki huo, mto umemwaga." Siku hizi wameongeza na jibu la pili, nalo hulitoa kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Tabianchi hiyo."

Jibu la kwanza ni sahihi. La pili ndilo lililonifanya niandike haya, manake nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine kuna watu wamejificha nyuma yake.

Sisi wa hapa tope halitushangazi. Kusi ikivuma, mkondo husukuma maji ya mto kuelekea Ngomeni na Ghuba ya Ungwana, na Malindi hubaki safi. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi, mwisho wa mwaka, tope hurudi kwetu, tena wakati huohuo mvua za vuli zimeshaujaza mto huko bara. Yaani msimu wa watalii ndio msimu wa tope. Mola na mambo yake.

Mjomba wangu, aliyezaliwa mwaka 1948, akavua kwa mshipi na malema nusu ya maisha yake kisha akanunua boti ya kioo ya kutembezea wageni, alikuwa na usemi wake kuhusu jambo hili. Alisema maji ya kaskazi ya utotoni mwake yalikuwa "mekundu ya kupita": yanakuja siku chache, yanaondoka, unarudi mwambani. Hayakuwa ya kukaa. Kusema kweli sikumwamini. Kila mzee ana bahari yake ya zamani, nzuri kuliko hii yetu, yenye changu wakubwa na tewa wa kubebwa na watu wawili. Nilikuja kumwamini nikiwa mtu mzima, na aliyenishawishi si mtu, ni jiwe.

Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, kuna matumbawe ambayo wataalamu huyaita Porites. Ni makubwa, ya mviringo, rangi ya kahawia, hayana urembo wa kumfanya mtalii atoe kamera. Lakini tumbawe la namna hii hukua polepole, kama sentimita moja kwa mwaka, likijijengea tabaka la chokaa juu ya tabaka, kama mti unavyojiwekea pete zake. Ukilitoboa kwa keekee hadi ndani ukatoa kijiti kirefu cha jiwe, ukakikata na kukipiga eksirei, unaweza kuhesabu miaka kurudi nyuma.

Mwaka 2000 jarida la Science lilichapisha kazi ya Julia Cole na wenzake, mmoja wao Mkenya, Nyawira Muthiga. Walikuwa wamepima oksijeni iliyofungwa ndani ya chokaa cha tumbawe la Malindi. Uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi hubadilika maji yanapopata joto. Walipata kumbukumbu ya miaka 194. Tangu mwanzo wa karne ya 19, walisema, bahari hii ilikuwa imeongezeka joto kwa hadi nyuzi 1.3 za selsiasi. Miaka saba baadaye kundi jingine, likiongozwa na Dominik Fleitmann, likasoma kitu tofauti katika tumbawe la hapahapa: bariamu, madini yanayosafiri na udongo wa mto na kuachiliwa majini mto unapokutana na chumvi. Kumbukumbu hii ilikuwa ya miaka 300. Kuanzia 1700 hadi 1900 hakuna mabadiliko makubwa. Baada ya 1900 udongo unaanza kuongezeka, mwaka baada ya mwaka, na kilele chake ni kati ya 1974 na 1980, ambapo uliofika mwambani ulikuwa mara tano hadi mara kumi ya ule wa asili.

Mwaka 1974 mjomba alikuwa na miaka ishirini na sita, baharini kila siku. Nilipomweleza habari ya bariamu alinitazama kama mtu anayeambiwa kuwa maji ya bahari yana chumvi. "Sasa mlihitaji kutoboa jiwe?" akauliza.

Kwa hiyo bahari ya Malindi ina mistari miwili, wa joto na wa udongo, na yote miwili inapanda. Rahisi sana kuichanganya. Lakini haikuchorwa na mkono mmoja.

Ukitaka kuanza na mstari wa joto, nenda pale Nguzo, kwenye rasi ya mwamba kusini mwa mji. Msalaba uliopo juu ni wa jiwe la Ureno, ukumbusho wa Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa Aprili 1498, akapewa rubani, na kwa pepo za msimu akafika Calicut kwa chini ya mwezi mmoja. Sina haja ya kumsifu Da Gama. Yaliyofuata pwani hii tunayajua. Nataka tu kusema kwamba safari ile yote iliendeshwa na upepo. Ile koni nyeupe inayoushikilia msalaba ni mambo mengine. Hiyo ilijengwa mwaka 1873 na Kapteni Malcolm wa manowari ya Kiingereza HMS Briton, ili bahari isije ikaubomoa ukumbusho, na manowari yenyewe ilikuwa na matanga pamoja na injini ya mvuke. Makaa ya mawe yalikuwa yameshafika. Mwaka huohuo Waingereza walimlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Unguja, na hapa Malindi, nyuma ya Nguzo, watumwa waliendelea kulima mashamba makubwa ya mtama na ufuta wa kupelekwa Arabuni. Utumwa haukufutwa kisheria kwenye pwani hii mpaka 1907.

Ajabu ni kwamba misitu iliyofyekwa kwa ajili ya mashamba hayo haionekani kwenye mstari wa bariamu. Karne nzima ya 19, tope halikuongezeka. Ina maana lile lililokuja baadaye halikutoka kwetu. Lilitoka juu.

Mto wetu una majina matatu. Unaanza karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapokea maji ya Mto Nairobi na kila kilichomo, unazunguka Ukambani, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha ukifika kwetu ni Sabaki. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Katika miaka iliyofuata ardhi nzuri ya milima na malisho ikatengwa kwa walowezi, na Wakamba wakabanwa katika eneo lao la akiba, watu na ng'ombe na mbuzi kwenye miteremko ileile. Ardhi ikachoka. Serikali ya kikoloni ilipoona makorongo yanatafuna Machakos, ikasema tatizo ni ng'ombe wa Wakamba. Mwaka 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu, mifugo inauzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama kikisubiri Athi River. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kupinga. Mifugo ilirudishwa, yeye akakamatwa na kuhamishiwa Lamu. Huwa nafikiri juu ya hilo. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya udongo wa Ukambani alipelekwa pwani, ambako udongo huohuo ulikuwa unamfuata mtoni.

Tusimalizie kwa Mzungu peke yake, manake kilele cha tope ni cha miaka ya 1970, na wakati huo bendera ilikuwa yetu. Fleitmann na wenzake wanataja ongezeko la watu, misitu kukatwa, ardhi kutumiwa bila mpango, na ukame mkali wa mwanzo wa muongo ule. Yote hayo yalikuwa mikononi mwetu isipokuwa ukame. Lakini hata hoja ya wingi wa watu inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos, wakaonyesha kuwa wakulima wa huko, wakiwa wengi zaidi kuliko enzi za ukoloni, walikuwa wamechimba matuta kwa mikono yao na kuuzuia udongo vizuri kuliko zamani. Mimi nikisoma hivyo naona kwamba mtu mwenye shamba lake na soko la kuuzia mazao hulitunza. Huyo wa kubanwa na kupangiwa hatunzi, na hata angetaka hana nafasi.

Hiyo ndiyo hadithi ya tope, na ndani yake tabianchi haijaingia sana bado. Ile ya joto niliiona kwa macho.

Mwisho wa 1997 ilinyesha mvua ambayo watu wote wa rika langu wanaijua kwa jina moja tu, El Niño. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda. Mvua ilipokwisha, kaskazi ikatulia na bahari ikawa kama maji ya kuogea mtoto mchanga. Nilikuwa shule ya msingi, na wikendi nilimsaidia mjomba kwenye boti, kazi yangu kupangusa kile kioo cha chini. Mwezi wa Machi tulianza kuona mabaka meupe. Aprili, mwamba mzima ulikuwa mweupe kama chokaa, na siku mbili tatu za mwanzo, Mungu anisamehe, niliona ni mzuri. Wageni walishangilia. Mjomba alizima injini, akakaa kimya.

Tumbawe ni mnyama anayeishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake. Mwani ndio unaompa chakula na rangi. Joto likizidi kwa wiki kadhaa, mnyama huufukuza mwani wake. Hapo hajafa bado, ila ana njaa. Joto lisiposhuka, hufa. Mwaka ule pwani ya Kenya ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake hai, na yale ya ndani ya hifadhi, ambako hakuna mtu aliyevua kwa miaka thelathini, hayakupona kwa sababu ya kulindwa. Askari wa hifadhi anaweza kumzuia mvuvi. Joto hana pa kulizuia. Mjomba aliuza boti mwaka 2001. Hakuna mtu aliyemlipa kwa hasara ile, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna wa kumdai.

Hapa, bila kigugumizi, nasema tabianchi. Sehemu ya Kenya katika gesi zinazopasha dunia joto ni ndogo mno. Ule mstari wa joto unaoanza miaka ya 1800 ulichorwa na viwanda na meli na magari ya watu ambao wengi wao hawajui Malindi iko wapi, isipokuwa waliokuja kuchungulia kioo chetu. El Niño yenyewe ni ya asili, ilikuwako na itakuwako. Lakini inapanda juu ya bahari ambayo tayari ina homa.

Sasa nije Ngomeni, ambako mistari yote imefungwa fundo moja.

Ngomeni iko kaskazini mwa Mambrui. Ni kijiji cha wavuvi, na mbele yake baharini ipo ile mitambo ya Waitaliano ya San Marco. Kutoka pale, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya Jamhuri. Nyuma ya kijiji, kuanzia Gongoni kwenda Marereni, ni mashamba ya chumvi: madimbwi ya mraba, marefu, meupe, yanayoumiza macho saa sita mchana. Bahari inakula Ngomeni. Watu wamehamisha nyumba zao nyuma, na waliohama mara moja wamehama tena. Ukisimama hapo bamvua linapojaa, unasikia mawimbi chini ya sakafu za watu. Na kilomita chache kusini, Malindi mjini, ni kinyume kabisa: mchanga wa Sabaki umejaza ghuba, mahoteli ya zamani yaliyojengwa karibu na maji sasa wageni wake wanatembea kwelikweli kabla ya kulowesha miguu. Bahari ni ileile na ghuba zimepakana. Kwa hiyo mtu akikuambia "bahari imepanda" akaishia hapo, mwambie aendelee.

Nilihudhuria baraza moja huko miaka michache iliyopita. Afisa mmoja, kijana mstaarabu, mwenye tarakilishi na picha za rangi, alieleza kwamba barafu za ncha za dunia zinayeyuka na ndiyo sababu Ngomeni inazama. Alikuwa hasemi uongo. Bahari kweli inapanda duniani kote. Mwanamke mmoja mtu mzima, leso mbili na mjukuu mgongoni, akasimama, akaomba radhi kwanza, kisha akauliza: "Mwanangu, na mikoko ile ilikatwa na barafu?"

Watu walicheka, yule kijana naye akacheka, ila swali halikujibiwa. Malalamiko ya huko yanajulikana. Katikati ya miaka ya 2000, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini kuhusu uzalishaji wa chumvi, na wananchi walieleza mbele yake habari za kunyang'anywa ardhi, mikoko kufyekwa, na visima kuingia chumvi. Mkoko hushika tope kwa mizizi na kulivunja nguvu wimbi. Ukiutoa, wimbi lilelile la zamani linafika mlangoni. Ukiongeza na bahari iliyopanda, linafika jikoni. Sasa nani amdai nani? Lile la barafu lina wenyewe ng'ambo. La mikoko wenyewe wako hapahapa, wengine tunawapigia kura.

Ukame nao una mikunjo yake. Kati ya 2020 na 2023 mvua ziligoma misimu mitano mfululizo. Ganze na Magarini watu walitembea nusu siku kutafuta maji, ng'ombe wakafa wamelala barabarani. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba ukame wa aina ile katika Pembe ya Afrika ulikuwa umefanywa uwezekano wake kuwa mara 100 zaidi, angalau, na joto lililoletwa na binadamu. Kisha Novemba 2023 mvua ikaja kwa hasira na barabara ya Kilifi kwenda Malindi ikakatika pale Mbogolo.

Lakini kwa nini ni Ganze na Magarini kila mara? Mwaka 1908 sheria ya hati za ardhi ilimpa haki mwenye kuonyesha karatasi, na Wamijikenda wengi wa ukanda wa pwani wakaamka wakiwa maskwota. Mwaka 1914 Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaapisha wasitoe vibarua, walifukuzwa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, penye ardhi yao bora ya nafaka, na Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti. Baada ya miaka michache waliruhusiwa kurudi, ila njaa ilikuwa imeshapita ndani yao. Halafu miaka ya 1970 ikaja skimu ya makazi ya Magarini, kwa fedha za Australia, ya kugawa mashamba kwa wasio na ardhi. Mipango ilichorwa kana kwamba mvua ingekuja kwa ratiba ya ofisi. Maji hayakutosha, mazao hayakukubali, na Waaustralia wakaondoka mwisho wa miaka ya 1980. Mtu aliyesukumwa mara tatu mpaka mahali pasipo na maji, siku mvua ikikosa, tunasema ameathiriwa na tabianchi. Ameathiriwa, ndiyo. Ila alisimamishwa pale kwanza.

Nalisema hili sasa kwa sababu ya pesa. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh nchi za dunia zilikubali kuwe na mfuko wa kulipia hasara za tabianchi, na tangu hapo kila ofisi ya pwani ina faili. Sawa, tudai. Mimi wa kwanza, kwa ajili ya boti ya mjomba. Lakini anayepeleka deni dukani huandika kila kitu mahali pake, manake mwenye duka naye ana daftari lake. Tukiandika tope la Ukambani na mikoko ya Gongoni kwenye deni la joto, wale wa ng'ambo watatafuta kosa hilohilo na kukataa daftari zima. Na hawa wetu wa hapa watakuwa wameshalala usingizi mnono.

Mwezi wa Machi uliopita, kabla kusi haijaingia, nilimpeleka mjomba baharini. Macho yake si mazuri tena, lakini alimwelekeza nahodha, kijana mdogo tu, kwa mkono: huku, huku, sasa punguza. Boti ilisimama juu ya tumbawe kubwa la mviringo, pana kama chumba. Juu lilikuwa limekufa, limefunikwa na mwani wa kijani na mchanga mwembamba wa mtoni. Ubavuni, upande unaotazama bahari kuu, lilikuwa hai, la kahawia, na tasi wadogo wakilizunguka. Sijui kama ndilo lililotobolewa na wataalamu au ni jingine. Mjomba alitia mkono majini, akauacha humo muda mrefu.

Yule kijana akanyanyua nanga.

"Si hapa," mjomba akamwambia. "Sogeza mbele kule, kwenye mchanga."